Kompyuta ya Ndani

Jumamosi ile soko la Konyo-Konyo mjini Juba lilikuwa limefurika hata njia zenyewe hazionekani. Wauza samaki wakavu walikuwa wakigombea kivuli na wauza mitumba, mikokoteni ya maji ikikata katikati ya watu bila kuomba radhi, na vumbi jekundu lilikuwa limetua hadi kwenye kope za wanunuzi. Daphine alijipenyeza humo akiwa amekunja pindo la gauni lake la manjano mkononi, akaingia dukani kwa Sugow akihema.

Sugow alikuwa Msomali wa Garissa, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyeuza kila kitu chenye waya: redio, chaja, feni, simu, na vipuri vya kompyuta ambavyo hakuna mwingine sokoni aliyevijua majina.

"Ile RAM ya laptopu uliniambia itakuja, iko?" akauliza Daphine.

"Iko moja tu, dada. Na huyu bosi ameshaishika."

Huyo bosi alikuwa kijana mrefu mweusi tititi, shati jeupe limenyooshwa hadi mistari ya pasi inaonekana, kalamu mfukoni. Alikuwa amekiinua kile kipande cha kijani cha kumbukumbu ya kompyuta kwenye mwanga kama mtu anayekagua yai.

"Hiyo kitu ni yangu," Daphine akamwambia. "Niliagiza wiki mbili sasa."

"Uliagiza, sista, ama uliulizia?" Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, cha haraka. "Maana mi nimekuja na pesa mkononi."

"Kwani mimi nimekuja na mawe?"

Kijana akacheka, na Daphine akakasirika zaidi, kwa sababu kicheko kile kilikuwa kizuri. Akaulizwa RAM anaitakia nini. Hakuwa na nia ya kumweleza mtu asiyemjua, lakini alijikuta anaeleza. Alikuwa na kibanda chake mtaa wa Hai Cinema, cha kuchapa barua na kutoa nakala. Kuna shirika moja la kuchora ramani lilikuwa linatafuta mfanyakazi, mtihani ni baada ya wiki tano, na wanataka mtu anayejua Linux, ule mfumo wa kompyuta usio Windows.

"CD ya hiyo Linux, ile ya Ubuntu, mimi iko nayo, ililetwa kutoka Kampala. Lakini laptopu yangu iko na kazi ya watu. Nikifuta Windows, kesho nitaambia watu nini?"

"Nani amekwambia ufute?" Kijana akaacha kucheka. "Unaweka moja ndani ya nyingine. Kuna programu ya bure inatengeneza kompyuta ya kuigiza ndani ya hii yako. Ya nje inabaki vile ilivyo. Ya ndani inafikiri iko peke yake duniani."

"Hiyo ni uongo ya Nairobi."

"Haya, chukua RAM wewe. Lakini nije nikuwekee mwenyewe, na unipe chakula cha mchana. Naitwa Laku."

Daphine akamtazama, akaitazama RAM, akamtazama tena.

"Dada, kubali," akasema Sugow. "Mambo mengine mtaongea huko nje. Hapa ni duka."

*

Daphine alikuwa Mnyankole wa Mbarara, umri wake miaka ishirini na saba, huu ukiwa mwaka wake wa pili Juba. Alikuja kama Waganda wengi walivyokuja baada ya amani kutiwa saini, kwa sababu mji ulikuwa hauna kitu na kila kitu kilihitaji mtu wa kukifanya. Alikodi chumba kimoja mtaa wa Munuki, katika ua wa nyumba nne chini ya mwarobaini. Umeme wao ulitoka kwa jirani, Onesmus, aliyeuza soda baridi na kuwasha jenereta yake Jumapili saa sita mchana hadi dizeli iishe. Betri ya laptopu ya Daphine ilikuwa imezeeka, bila waya haikuvumilia zaidi ya dakika tano.

Jumapili hiyo Laku alikuja na boda, shati jeupe vilevile, bisibisi ndogo mfukoni mahali pa kalamu. Alikuwa Mbari, kabila la wenyeji wa Juba, aliyetoroshwa vitani akiwa mtoto, akakulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, akasomea kompyuta Nairobi, na sasa alitengeneza mashine za maofisi mjini. Alifungua kifuniko cha laptopu, akabana RAM mahali pake, akaomba maji ya kunawa kana kwamba anataka kula.

"Sasa tuigawe," akasema. "Nusu ya RAM tunaipa ya ndani. Ukiipa nyingi sana, ya nje inakosa pumzi. Ukiipa kidogo, ya ndani inalala."

"Na diski?"

"Ya ndani inapewa faili moja tu kubwa. Yenyewe inaiona ni diski nzima."

Alimwachia Daphine kipanya. Daphine akabonyeza alipoambiwa, akaweka CD, na dirisha jeusi likafunguka katikati ya kioo, kisha likageuka rangi ya zambarau. Daphine aliegemea mbele. Nje ya dirisha lile kila kitu kilikuwa mahali pake, barua za wateja na picha ya marehemu baba yake. Ndani palikuwa mahali pengine kabisa.

Ndipo maandishi yakatokea: Futa diski yote na kuitumia.

Daphine alimshika Laku mkono kwa mikono yake miwili. "Inafuta! Banange, inafuta yote!"

"Haifuti. Inafuta ile faili tuliyoipa. Huku nje haijui hata kama kupo."

"Unaapa?"

"Naapa. Ikifuta barua moja, nitakuchapia zote upya kwa kidole kimoja."

Alibonyeza akiwa amefumba macho, na mkono mmoja aliusahau pale pale ulipokuwa, juu ya mkono wa Laku. Laku naye hakumkumbusha. Barua zote zilikuwa salama.

Kabla ya hapo mashine ilikuwa imewauliza swali la ajabu: Uko wapi? Ramani ya dunia ilikuja na miji yake. Daphine alisogeza kipanya juu ya Sudan, akashuka, akapanda. Khartoum ilikuwapo. Nairobi ilikuwapo. Kampala ilikuwapo. Juba haikuwapo.

"Sasa tuko wapi?" akauliza.

"Chagua wewe. Saa ni ileile kote."

"Wewe ndiyo mwenyeji."

Laku hakujibu. Daphine akacheka, akabonyeza Kampala. Laku alikitazama kile kidoa cha Kampala kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema twende mbele. Mashine ikauliza, Wewe ni nani? Akaandika Daphine. Ikataka na jina la kompyuta yenyewe. Wakashauriana, wakaiita Munuki.

*

Jumapili zikaja zikapita, na Daphine hakuweza baadaye kuzitenganisha. Zilikuwa mchana mmoja mrefu: pazia likijaa upepo na kunywea, ngoma za kanisa la pili zikisikika kwa mbali, jenereta ya Onesmus ikinguruma, harufu ya chapati, na bega la Laku karibu na lake. Alijifunza amri moja baada ya nyingine. Alijifunza pia kwamba Laku hunywa chai bila sukari, na kwamba akifikiri hukuna sikio la kushoto.

Mambo mawili Laku aliyasisitiza. La kwanza, jenereta ikikohoa usihangaike kuzima, ihifadhi ya ndani vile ilivyo. Hata kama ulikuwa katikati ya neno, siku ukiiwasha tena utalikuta neno lako linakusubiri. La pili lilikuwa picha. Kabla hawajaweka chochote, Laku alikuwa ameipiga picha ile kompyuta ya ndani ikiwa haina kitu, na kuipa picha jina: Tupu. Ukirudi kwenye Tupu, yote yaliyofuata yanatoweka, unaanza upya.

"Mtihani ukikaribia," alimwambia, "usiifungue hata. Nenda kwa picha, rudi Tupu moja kwa moja, uiweke Ubuntu mwenyewe tangu mwanzo. Kila siku."

"Ndiyo, bwana mwalimu."

"Usinicheke. Nataka upate hiyo kazi."

"Kwa nini?"

"Si ndiyo uendelee kunipikia."

Siku za kazi Laku alimpigia simu kibandani, akijifanya ana swali la kikazi.

"Haloo, hapo ni kwa Daphine mchapaji?"

"Ni hapa. Wewe nani?"

"Ni mteja. Nina barua nataka unichapie. Andika: Mpendwa Daphine, nimekula maharage ya hoteli na tumbo linakulalamikia."

"Bwana mteja, barua ya tumbo ni bei mara mbili."

Daphine alikuwa anampenda. Alilijua hilo kama anavyojua herufi kwenye kibodi, bila kutazama. Lakini Laku, ambaye aliweza kueleza mashine hadi mtoto akaelewa, likija suala la moyo alibaki kukuna sikio. Na wakati ulikuwa unakwisha. Kura ya kuamua kama Kusini ijitenge na Sudan ingepigwa mwezi wa kwanza, na watu walikuwa wameanza kunong'ona vita. Kaka yake Mugisha alipiga simu kutoka Mbarara, akasema amekwisha kumkatia nafasi kwenye basi la Kampala, Ijumaa ya mwisho ya Novemba, na hataki kusikia habari za kazi.

Daphine alimweleza Laku hayo katika Jumapili ya tano. Laku naye alikuwa na yake: kesho yake anapelekwa Kapoeta, kutunza kompyuta wakati wa kuandikisha wapiga kura, wiki nyingi.

"Kwa hiyo mimi naenda, na wewe unaenda," akasema Daphine.

"Naona hivyo."

Daphine alimpa nafasi. Alitoka nje kwenye jiko la mkaa, akapika chapati taratibu kuliko siku zote, akisubiri mtu aje mlangoni aseme neno moja: kaa. Kupitia pazia alimwona ameinamia laptopu, anachapa. Jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Alipoingia na sahani, laptopu ilikuwa imefungwa. Laku alikula chapati tatu, akamshika mkono, akaushikilia, akasema, "Haya, Daphi. Tutaongea." Kisha akapanda boda akaenda zake, na Daphine akakaa kitandani akilia kwa hasira.

*

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Jumatatu alikaa na laptopu kibandani, akafanya alivyofundishwa: picha, Tupu, rudi. Kisanduku kikauliza kitu, akabonyeza ndiyo. Siku ya mtihani walikuwa watu saba, kila mmoja na laptopu yake, na kazi ilikuwa kuweka mfumo wa pili bila kuharibu wa kwanza. Katikati umeme ukakatika. Sita waliishia kupiga kelele. Daphine, ndani ya zile dakika tano za betri yake, akaihifadhi ya ndani vile ilivyo, umeme uliporudi akaendelea kutoka neno lile lile. Wiki iliyofuata wakamwita, kazi ni yako, utaanza Januari.

Mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia ni Laku. Kila jioni alimpigia, na kila jioni akaambiwa hapatikani. Laku hakupiga hata mara moja. Daphine akaanza kupanga nguo kwenye begi. Alijiambia kwamba kazi peke yake haitoshi kumkalisha mtu katika mji ambao kila mtu anaukimbia.

Jumanne ya wiki ya basi, simu ikaingia.

"Haloo? Laku?"

"Daphine. Niko juu ya kilima, mtandao ni wa hapa tu. Mtihani?"

"Nilipita. Wamenipa kazi."

"Hongera."

Upepo ulivuma kwenye simu. Daphine akasubiri, akachoka kusubiri.

"Laku, Ijumaa mimi naenda nyumbani."

"Nilijua tu."

"Ulijua nini?"

"Jibu lako. Wiki mbili kimya, ningekosaje kuelewa? Ndiyo maana sikukusumbua."

"Nijibu nini? Wewe hukuniuliza kitu. Ulikula chapati, ukapanda boda."

"Usinichezee, Daphine. Niliandika yote, ukurasa mzima. Nikauhifadhi hivyo hivyo ili ukiwasha ile ya ndani uukute. Nilisema kama ni ndiyo, nitumie ujumbe, utanifikia nikipata mtandao."

Daphine aliibana simu sikioni. "Mimi sikuwasha," akasema polepole. "Nilirudi Tupu moja kwa moja. Wewe ndiyo ulinifundisha."

Upepo wa kwenye simu ukakoma. Alipoitazama simu, mtandao ulikuwa umekatika.

Alipiga mara kumi na moja. Kisha akafungua laptopu na kutazama orodha ya picha. Ilikuwepo moja: Tupu. Akakikumbuka sasa kile kisanduku, kilichokuwa kikimwambia waziwazi kwamba hali ya sasa itapotea, je, aendelee? Na yeye, mwanafunzi mzuri, akabonyeza ndiyo. Akaandika ujumbe kwa simu: Nimefuta bila kusoma. Nisamehe. Uliandika nini? Ujumbe ukaenda, na hakuna ishara kwamba umefika.

Asubuhi aliibeba laptopu hadi kwa Sugow.

"Kuna kitu ya kurudisha maandishi yaliyofutwa?"

Sugow aliitazama laptopu, kisha uso wake. "Dada, hicho mimi siuzi. Ni barua ya mteja?"

"Ni ya Laku. Aliniandikia, nikaifuta kabla ya kusoma. Na Ijumaa nina basi."

Sugow akaweka chini chaja aliyokuwa akiifunga. "Na wewe ulitaka iwe imeandikwa nini?"

Jibu Daphine alikuwa nalo kabla swali halijaisha, na lilimtoa machozi pale pale mbele ya wateja. Sugow akamsukumia kigoda, akageukia upande mwingine kuuza tochi.

Jioni hiyo alimpigia kaka yake, wakazungumza kwa lugha ya nyumbani.

"Kaka, ile nafasi ya basi mpe mtu mwingine."

"Kuna mwanamume?"

"Yupo."

"Amekuoa?"

"Hapana."

"Amekuambia ubaki?"

"Nadhani aliniambia. Lakini sikusoma."

Mugisha akashusha sauti. "Daphine, umekula leo? Kichwa chako ki sawa?"

"Ki sawa, kaka. Nitakupigia Jumapili."

Ijumaa basi likaondoka bila yeye. Alilala akiogopa, akaamka akiogopa, lakini hakuligusa begi isipokuwa kulitoa nguo, moja moja, na kuzirudisha kwenye msumari.

*

Jumapili saa sita jenereta ya Onesmus ikanguruma. Daphine alikuwa amevaa lile gauni la manjano, si kwa sababu ya mtu, hivyo alijiambia. Alikuwa anakanda unga aliposikia lori linasimama barabarani, kisha nyayo uani.

Laku alisimama mlangoni. Shati jeupe lilikuwa jekundu kwa vumbi, na kope zake pia.

"Ujumbe wako niliupata juzi nilipofika mji wa Torit," akasema. "Nimeomba siku mbili. Basi liliondoka?"

"Liliondoka."

"Na wewe?"

"Mimi iko hapa. Hunioni?"

Akamwona. Alimwona vizuri, kwa muda, hadi Daphine akaficha mikono yenye unga nyuma ya mgongo.

"Ulibaki," akasema Laku, "na hujui hata niliandika nini."

"Sijui. Andika tena."

"Siwezi kukumbuka yote. Ulikuwa ukurasa mzima. Kulikuwa na sehemu ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Kwamba sina wa mahari. Na kwenu najua watawataka wale wenye pembe ndefu." Akakuna sikio. "Mi ndiye niliyekosea, Daphi. Nimekufundisha somo, kisha nikalisahau mwenyewe. Nilipaswa kuja pale jikoni nikuambie kwa mdomo. Niliogopa."

"Sasa huogopi?"

"Naogopa zaidi. Toka nje kidogo basi, niandike."

"Safari hii siendi jikoni."

Akaiwasha kompyuta ya ndani, ile Munuki aliyoijenga mwenyewe upya kwa mkono wake. Laku akakaa, Daphine akasimama nyuma yake. Vidole vya Laku, ambavyo siku zote vilikimbia, vilitafuta herufi moja moja.

Ramani ilipotuuliza tuko wapi, ulibonyeza Kampala nami nikanyamaza. Nilitaka kusema tuko hapa. Kaa nami hapa, Daphine. Nataka niwe mume wako, na hao ng'ombe nitawatafuta.

Alipoweka nukta, jenereta ikakohoa mara mbili na kuzima. Feni ikasimama. Pembeni mwa kioo alama ya betri ikawa nyekundu. Laku, kwa mazoea, akapeleka mkono ili ahifadhi, na Daphine akausukuma kando. Akainama juu ya bega lake na kufungua mahali pa picha. Akaagiza picha mpya. Kisanduku kikatokea kikitaka jina. Akaandika kwa vidole vyote kumi, unga ukibaki kwenye kila herufi aliyoigusa, na chini ya Tupu kukajipanga mstari mpya: Nimekubali.

Laku aliusoma, akausoma tena, kisha akaegemeza kichwa chake chenye vumbi kwenye tumbo la lile gauni la manjano.

"Sasa tukirudi," Daphine akamwambia, "tutakuwa tunarudi hapa."

Kioo kikafifia, kikazima. Kutoka nje Onesmus akapaza sauti kuwaomba radhi kwa dizeli kuisha mapema.